Pima fremu kabla ya kuweka nakala ya samoni wa Takahashi
Ukipata nakala ya ule mchoro wa samaki aina ya samoni wa Takahashi Yuichi, mchoraji wa Kijapani, wa mnamo 1877, usikimbilie fremu za kawaida za dukani. Mchoro halisi una kimo cha sentimita 140 na upana wa 46.5 hivi, yaani kimo ni mara tatu ya upana. Fremu ya saizi ya karatasi ya A3, isiyo nyembamba hivyo, itakulazimisha kukata mkia au kamba aliyoning'inizwa samaki, na kamba ile ndiyo inayokufanya uhisi uzito wake! Mwambie fundi akuchongee fremu ya uwiano huo. Aweke pia kadibodi pembezoni ili kioo kisiguse karatasi; unyevu ukiingia hunatana, na kuibandua ni kuichana. Tundika mbali na jua, wekundu wa mnofu usipauke.