Folda moja ya seva, wahariri wengi: achaneni na 777

Mkiwa kadhaa mnaohariri /var/www/html (folda ya faili za tovuti) kwenye mashine moja ya Linux, msikimbilie chmod 777. Hiyo inamruhusu kila mtumiaji na kila programu kuandika humo. Undeni kundi, tuseme wavuti (sudo groupadd wavuti), kila mmoja aingizwe kwa sudo usermod -aG wavuti jina, kisha:

sudo chgrp -R wavuti /var/www/html
sudo chmod -R g+rwX /var/www/html
sudo find /var/www/html -type d -exec chmod g+s {} +

Hiyo g+s ndiyo wengi huisahau: bila yake, faili jipya hubeba kundi la aliyeliunda badala ya kundi la folda, na mzozo unaanza upya. Umask (mpangilio unaoamua ruhusa za faili jipya) nayo iwe 002; ikibaki 022, wenzako watalisoma tu faili lako jipya, kulihariri hawataweza. Ah, na kila mtu atoke kwenye akaunti aingie tena, maana kundi jipya halitambuliki papo hapo.