Jinsi ya Kuchagua Wahusika wa Kampeni ya Dungeons & Dragons ya Kuandikiana Mtandaoni

Dungeons & Dragons ni mchezo wa kusimulia hadithi ambamo kila mchezaji huendesha mhusika mmoja, dadu huamua matokeo, na msimamizi huongoza kampeni, yaani hadithi moja ndefu. Mwongozo huu unamlenga msimamizi wa mchezo aliyetangaza kampeni, akapata waombaji wengi kuliko nafasi alizo nazo, na sasa hajui amchukue nani. Nimeuandika baada ya kumsaidia mwenzangu kupitia maombi ya kampeni yake ya kuandikiana, yaani ile ambayo wachezaji hawakutani kwa sauti, bali kila mmoja huandika matendo ya mhusika wake kwenye Discord, programu ya kuandikiana katika vyumba vya mtandaoni, kwa wakati wake. Kampeni za namna hii huhitaji miezi mingi ili hadithi ifike mahali, na nyingi hufa mapema. Kwa ninavyoona mimi, kinachoziua zaidi ni wahusika waliochaguliwa mmoja mmoja kwa uzuri wao, bila mtu kujiuliza watakuwa msafara wa namna gani wakiwekwa pamoja.

Hatua ya kwanza: masharti ya tangazo

Taja toleo la kanuni. Toleo la tano lilitoka mwaka 2014 na kanuni zake zikafanyiwa marekebisho mwaka 2024, na tofauti hizo zinagusa uundaji wa mhusika moja kwa moja: kwa kanuni za 2024 kila fani (aina ya mhusika, kama mpiganaji au kasisi) huchagua tawi lake la utaalamu katika ngazi ya 3 ya kupanda uwezo, ilhali kwa zile za 2014 kasisi huchagua tangu ngazi ya 1. Mchezaji asiye na fedha za kununua kitabu asiachwe nje, kwa kuwa tangu mwaka 2023 Wizards of the Coast, wachapishaji wa mchezo huu, wametoa sehemu ya msingi ya kanuni bure chini ya leseni huria ya Creative Commons, nayo inatosha kabisa kuanzia.

Anzisha kampeni katika ngazi ya 3. Pambano moja ambalo mezani lingechukua saa moja huweza kuchukua wiki kadhaa kwa maandishi, na mhusika wa ngazi ya 1 atabaki na uwezo mchache kwa muda mrefu mno. Kwa sababu hiyo hiyo, mhusika ambaye utamu wake unaanza ngazi ya 9 hafai, hata akiwa amebuniwa vizuri.

Alama sita za uwezo wa mhusika, kama nguvu na ustahimilivu, zigawiwe kwa mpangilio wa kawaida wa 15, 14, 13, 12, 10 na 8, au zinunuliwe kwa pointi 27. Sikubali alama za kurusha dadu, kwa sababu mchezaji aliyepata bahati mbaya siku ya kwanza ataishi nayo mwaka mzima karibu na mwenzake aliyepata 18 mbili.

Hatua ya pili: saa

Weka saa katika fomu ya maombi kabla ya jambo lingine lolote. Saa 3:00 usiku ya Dar es Salaam na Nairobi ni saa 2:00 usiku Lubumbashi, saa 4:00 usiku Muscat, na wakati wa baridi ni saa 12:00 jioni London na saa 6:00 mchana Minneapolis. Majira ya joto yakiingia, hizo mbili za mwisho husogea mbele kwa saa moja. Kuandikiana hakuwalazimu watu kuwa macho kwa wakati mmoja, lakini msafara ambao watatu huandika usiku na mmoja huandika wakati wamelala utajikuta unamngojea huyo mmoja kila siku. Discord ina alama ya muda inayomwonyesha kila msomaji saa ya mahali alipo, nami naitumia kila ninapoweka tarehe ya mwisho ya zamu. Omba ahadi ya ujumbe mmoja kwa siku, siku tano za wiki. Asiyeweza hilo mwambie mapema na kwa heshima kwamba kampeni hii haitamfaa.

Hatua ya tatu: sababu ya kutembea pamoja

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo ninapokuomba usiharakishe. Usianze kwa kusoma historia ya mhusika. Soma kwanza majibu ya maswali matatu ambayo tangazo lako linapaswa kuyauliza: mhusika anataka nini ambacho hawezi kukipata peke yake, ni nani aliye hai ambaye mhusika angeumia kumpoteza, na kwa nini yuko tayari kuondoka leo na watu asiowajua. Historia ndefu huonyesha kwamba mwandishi wake ana bidii, lakini haikuambii kama mhusika huyo atatoka kitandani siku msafara utakapomhitaji.

Wapo wahusika wa aina nne ambao utawaona katika karibu kila rundo la maombi, na kila aina ina tahadhari yake.

Wa kwanza ni mpweke, yule anayekaa pembeni ya baa akiwa amejifunika kofia na hataki kusemeshwa. Usimkatae papo hapo. Mwulize mchezaji wake ni mhusika wa namna gani angeweza kuuvunja ukimya huo, na angeuvunja vipi. Mchezaji aliyekwisha kulifikiria jambo hilo atakujibu kwa furaha na kwa undani, na mara nyingi huyo huwa miongoni mwa wachezaji bora, kwa sababu mhusika wake ana mahali pa kukua. Akijibu kwamba itajulikana mbele ya safari, usimchukue.

Wa pili ni yatima wa kisasi: kijiji kilichomwa, jamaa wote wakafa, naye anamsaka muuaji. Tatizo lake ni kwamba hakuna uzi uliobaki wa kumvutia katika hadithi isipokuwa huo mmoja wa kisasi, nao ukikatika amekwisha. Mwombe mchezaji amwachie hai mtu mmoja, kama dada mdogo, mwalimu wa zamani, au hata mtu anayemdai. Lakini fahamu kwamba wachezaji wengi huua jamaa za wahusika wao kwa sababu waliwahi kucheza na msimamizi aliyeteka nyara kila mtu waliyempenda. Mwandikie wazi kwamba mtu huyo hataguswa bila mashauriano, na uitimize ahadi hiyo.

Wa tatu ni shujaa aliyekwisha kumaliza, ambaye historia yake inasema ameua joka na kuokoa ufalme. Mpiganaji wa ngazi ya 3 mwenye ustahimilivu wa 14 huwa na pointi za uhai 28 kwa kukokotoa wastani, na pumzi moja ya joka jekundu lililokomaa humwondolea kwa kawaida zaidi ya mara mbili ya hizo. Mweleze mchezaji hesabu hiyo, kisha mpe nafasi ya kuibadilisha sifa iwe uvumi, au deni la mtu mwingine aliyefanya kazi hiyo. Wengi huikubali njia hii na mhusika hupata ladha mpya.

Wa nne ni msaliti wa siri. Huyu namkataa daima katika mchezo wa kuandikiana. Mezani, shaka ya jioni moja inaweza kuwa burudani; kwa maandishi, shaka hiyo huishi miezi mingi, kila mtu hurudi kusoma upya jumbe za zamani, na siku siri inapofichuka wachezaji huona kwamba aliyewadanganya ni mwenzao, si mhusika wake.

Ukishabaki na majina saba au manane, fungua chumba cha majaribio na uwape tukio dogo lisilo na mapigano. Mimi hutumia kivuko: ni jioni, mto umejaa, mvushaji ameondoka na mtumbwi, na upande wa pili taa zinaonekana. Waache waandike kwa siku tano. Kitu cha kutazama ni kama mchezaji anamwachia mwenzake mlango. Anayeandika kwamba mhusika wake ametafakari utoto wake, akafunga kamba mtini na akavuka, ameandika vizuri lakini ameyamaliza yote mwenyewe. Anayeandika kwamba mhusika wake amemgeukia kasisi na kumwuliza kama atamshikia kamba, amempa mtu mwingine zamu. Huyo wa pili mchukue, hata kama ujumbe wake una mistari miwili tu.

Tahadhari hapa ni kadhaa. Usipime ufasaha. Kiswahili cha Mombasa, cha Unguja na cha Lubumbashi vitakutana katika chumba kimoja, na mchezaji anayeandika kwa lahaja yake huwa anampa mhusika wake sauti ambayo hungeweza kuibuni. Usiuchukulie ukimya wa siku moja kuwa uvivu kabla ya kuuliza, kwa kuwa bando huisha na umeme hukatika. Na usivutiwe mno na anayejibu kila ujumbe ndani ya dakika chache; mtu huyo huweza kuyafanya maamuzi yote kabla wengine hawajaamka, na ukimchukua utalazimika kumwekea mpaka wa zamu tangu mwanzo.

Hatua ya nne: kazi za msafara

Wachezaji wanne ndio idadi ninayoipendelea. Akijitoa mmoja, watatu bado wanaweza kuendelea. Usiulize nani ni mganga, uliza nani anaweza kumwinua aliyeanguka. Kasisi, manju na druidi (mchawi wa nguvu za asili) wote wanaweza kupata sihiri ya kuponya kwa neno kutoka umbali wa futi 60, naye paladini (shujaa wa kiapo kitakatifu) huponya kwa kugusa. Mmoja kati yao anatosha.

Jambo ambalo vitabu havikuambii ni athari ya uwezo unaotumika katikati ya zamu ya mtu mwingine. Mchawi msomi mwenye sihiri ya ngao, inayomwongezea kinga kwa 5 pale anapopigwa, hulazimisha mchezo usimame hadi ajibu. Wachawi wawili wa namna hiyo wanaoandika mara moja kwa siku wataigandisha kampeni. Mchukue mmoja tu, awe mwepesi wa kujibu, na aandike mapema masharti ya kuitumia, ili wewe uweze kuamua kwa niaba yake. Dadu zote zirushwe kwa Avrae, roboti ya kurusha dadu, ndani ya Discord ili matokeo yabaki mbele ya kila mtu.

Hatua ya tano: majibu

Waandikie wote siku moja, waliopata na waliokosa. Kwa aliyekosa, taja kitu kimoja halisi ulichokipenda katika mhusika wake, na umwulize kama angependa kuwekwa katika akiba. Waliochaguliwa wagawe wawili wawili, na kila jozi iandike mistari mitatu kuhusu jambo lililowahi kuwakutanisha kabla ya kampeni. Kisha wabadilishane jozi na kufanya tena. Mistari hiyo ibandike juu ya chumba cha mchezo, funga fomu za wahusika zisibadilishwe bila ruhusa yako, na utume ujumbe wa kwanza ndani ya siku tatu.