Kupikia watu 150 Mombasa mkija misheni: anzeni na maji

Wiki iliyopita nlikaa na vijana wa kanisa moja la bara waliokuja misheni ya siku tano. Daftari lao limejaa ratiba ya maombi na michezo ya watoto, halafu Jumamosi imeandikwa tu "kulisha watu, mjini", basi. Tulikaa barazani mpaka saa nne usiku tukapanga upya, nikaona hii kitu naieleza kila Agosti na kila Disemba, bora niiandike mara moja. Mimi napika kwenye jiko la kanisa letu hapa kisiwani kila Jumamosi, miaka sasa, wali na maharagwe ya nazi, watu kama 150.

Hatua ya 1: Tafuteni jiko ambalo lipo tayari

Msije na jiko lenu jipya. Kuna makanisa, kuna misikiti, kuna wamama wa mtaa ambao wanapika mwaka mzima, ombeni kuwaongezea mikono. Ukipika Jumamosi moja mahali ambapo hapajawahi kupikwa halafu ukapanda treni ukaenda zako, Jumamosi ya pili watu watakuja pale pale wakae kivulini wangoje, na nimewaona kwa macho yangu wakingoja mpaka saa tisa. Sasa ukiwa chini ya wenyeji, na cheti cha afya cha wapishi kinakuwa kimeshashughulikiwa. Nyinyi mtakuna nazi, mtachagua mchele, mtaosha sahani. Ndio kazi yenyewe hiyo.

Na angalieni kalenda. Kama ni mwezi wa Ramadhani mchana hampakui, chakula kiwe tayari magharibi.

Hatua ya 2: Menyu na sokoni

Wali maharagwe. Nyama siitaki, kwa sababu wengi watakaokaa kwenye foleni ni Waislamu, na mtu mwenye njaa asilazimike kukuuliza nyama hii imechinjwa na nani. Kama lazima nyama, inunuliwe kwa bucha la Muislamu na muwaambie watu hivyo kabla hawajauliza. Soseji wacheni huko huko kwenu.

Kwa watu 150 mimi nanunua mchele kilo 17, maharagwe kilo 10, nazi 25, vitunguu kilo 4, nyanya kilo 5. Vitunguu na nyanya soko la Kongowea alfajiri, nazi na viungo soko la Marikiti. Sufuria mnakodi kwa wale wanaokodisha za harusi, ulizeni mtaani tu.

Hatua ya 3: Maji, halafu maharagwe

Hapa ndipo nataka msome polepole.

Mwaka juzi tulipikia uwanja wa watu, si jikoni kwetu, kuna kisima kizuri pale na pampu, tukaona tumepata maji ya bure. Maharagwe tuliloweka usiku na maji ya kisima, tukayabandika saa kumi na moja alfajiri na kuni za kutosha, moto mzuri. Saa mbili magumu. Saa nne magumu. Saa sita mchana nachukua punje naiminya kwa vidole, ganda linatoka lakini ndani ni chaki, na foleni ishafika barabarani. Kuna mzee alikuwa amekaa karibu na mafiga na mkebe wake mkononi, kila nikifunua sufuria ananiangalia. Hayakuwa na madhara tena baada ya kuchemka kwa muda wa saa saba, lakini hayatafuniki, na wazee wengi pale hawana meno. Tulikimbia kununua mikate tukapika chai, na yule mzee akanywa chai yake akanishukuru, mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma.

Tatizo lilikuwa maji. Kisiwa hiki kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, chokaa tupu, na maji ya kisima yanakaa ndani ya hayo mawe yanabeba chokaa, na maharagwe yakichemshwa na maji yenye chokaa ganda na moyo wake vinakazana badala ya kulainika. Kuongeza kuni haisaidii. Maji ya kupikia yawe ya mfereji, yale yanayoletwa kwa bomba kutoka Mzima na Baricho, nje ya kisiwa, na kwa kuwa mfereji hautoki kila siku mnanunua kwa watu wa mikokoteni, mitungi ya lita 20.

Lakini usimuulize mwenye mkokoteni tu kama maji ni matamu, yaani hayana chumvi ya kisima. Jaribu mwenyewe: onja, halafu nawa mikono kwa sabuni ya kipande. Povu likija haraka, sawa. Sabuni ikigeuka utando utando mweupe majini na mikono inanata, hayo ni ya kisima, hata kama kwa mdomo hujasikia chumvi sana. Onja kila mtungi, si mmoja, maana nishawahi kukuta mitatu mizuri na wa nne wa chumvi kwenye mkokoteni mmoja. Kuchemsha hakuondoi chumvi. Mimi naweka mitungi 8 ya maji matamu kwa chakula peke yake: kuloweka, kupika, kukamua nazi na wali. Maji ya kisima ni ya kuosha vyombo na kunawa, hapo yanatosha hata kama povu haliji upesi.

Na maharagwe yenyewe yasiwe ya zamani. Yaliyokaa gunia mwaka mzima hayaivi vizuri hata kwa maji ya mvua. Chukua kikombe kimoja, pika siku moja kabla kwa maji yale yale utakayotumia. Kikombe hicho kingetuokoa ile siku.

Loweka usiku mzima, mwaga yale maji, tia mapya, chemsha kwa nguvu. Maharagwe mekundu yana sumu inayotapisha, inakufa kwa mchemko mkali, angalau dakika 10, kwa hiyo msianze na moto mdogo ati yaive taratibu. Nyanya zisiingie kabla hayajalainika, ule uchachu unayakaza. Magadi najua watu wa bara mnayapenda, na kweli yanalainisha, lakini ukizidisha kidogo sufuria nzima ina ladha ya sabuni. Mimi situmii, nanunua maji.

Hatua ya 4: Wali

Huu mnaujua. Sufuria mbili, si moja kubwa, na upalie makaa juu.

Hatua ya 5: Tui

Nazi zikunwe kwa mbuzi, kile kigoda cha kukunia, vijana wawili wawili wapokezane. Tui jepesi linaingia maharagwe yakishaiva, pamoja na vitunguu na nyanya. Tui zito la mwanzo mwisho kabisa, nusu saa kabla ya kupakua, moto mdogo, unakoroga upande mmoja mpaka litokote kidogo, ukiliacha lichemke kwa fujo linakatika. Na usilitie mapema, kwa joto la hapa maharagwe ya nazi yanachacha upesi.

Hatua ya 6: Kupakua

Ndoo yenye mfereji na sabuni mwanzo wa foleni. Wazee, wamama wenye watoto na wagonjwa mbele. Sahani unampa mtu kwa mkono wa kulia, unamwangalia usoni, "karibu mama", "karibu mzee". Neno chokoraa nisilisikie. Mahubiri yasitangulie chakula, akishashiba akataka kuongea, kaa naye uongee. Picha za watu wakila msipige, hata kama ofisi ya kanisa inataka ripoti, pigeni sufuria.

Kuna watakaotaka kubeba kwa ajili ya mtu nyumbani. Mifuko ya plastiki ni marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hiyo kusanyeni mikebe safi yenye vifuniko wiki nzima kabla.

Hatua ya 7: Baada ya hapo

Wali uliobaki ugaweni hapo hapo ungali wa moto, usilale. Wali uliokaa nje kwa joto hili unaota sumu ambayo kuupasha moto tena hakuiondoi. Sufuria za kukodi zirudi jioni hiyo hiyo, ukoko ulowekwe na maji ya kisima kwa muda wa saa moja kisha utoke kwa mwiko wa mbao.