Kubadilisha muundo wa kasha la kompyuta: kazi ipi itangulie, ipi ingoje

Kasha huharibika mara chache kwa sababu ya mkono usiojua kukata. Mara nyingi ni dirisha la kuonyesha vifaa vya ndani lililokatwa baada ya rangi, au tundu la feni lililokumbukwa wakati ubaomama (bodi kuu ya kompyuta) umeshafungwa. Mbele ya kila hatua jiulize swali moja: kazi hii itachafua au kukwaruza nini kilichokwisha kufanyika? Kukata chuma hutoa vumbi na chenga, basi kunatangulia. Rangi haivumilii vumbi, basi inangoja. Akriliki (plastiki angavu ya dirisha), nyaya na taa hukaa mwisho wa foleni.

Lakini usianze kwa msumeno. Anza kwa kulijaza kasha. Funga ndani kila kifaa kitakachokaa humo, pamoja na nyaya zake, kisha pima nafasi iliyobaki. Feni ya kawaida ina unene wa mm 25. Rejeta ya kupozea maji huwa na mm 27 hadi 30. Zikiwekwa pamoja chini ya paa zinahitaji karibu mm 55, na hapo ndipo wengi hugundua kwamba vijiti vya RAM (kumbukumbu ya kompyuta) vinagusa feni. Ni afadhali kugundua hilo ukiwa na rula kuliko ukiwa na tundu lisiloweza kuzibwa.

Halafu chora mabadiliko yote kwenye karatasi, hata yale ya "labda baadaye": dirisha, feni, swichi, pa kupitishia nyaya. Namna dirisha litakavyoshikwa huamuliwa hapa hapa. Akriliki inayobandikwa kwa ndani inahitaji tundu dogo kuliko yenyewe, kama mm 15 kila upande; inayoshikwa kwa mpira wenye mifereji miwili inahitaji tundu linalofuata vipimo vya mpira huo. Ukishakata, huwezi kuhama kutoka njia ya kwanza kwenda ya pili bila paneli mpya.

Sasa toa kila kitu na ulitenganishe kasha. Ribiti nyingi za makasha, yaani vile vipini vya chuma vinavyounganisha paneli, ni za mm 3.2: toboa kichwa chake kwa biti ya ukubwa huo, kisha sukuma mabaki kwa msumari. Usizirudishe mapema. Matundu yaliyobaki yanapokea skrubu za M3 (zenye kipenyo cha mm 3) na nati, na hizo ndizo zitakazolishika kasha wakati wa majaribio.

Kwenye kukata pia kuna foleni yake. Bandika utepe wa karatasi juu ya paneli. Utaandikia juu yake, nao utazuia mikwaruzo. Matundu madogo hutobolewa kabla ya makubwa, kwa sababu bati ambalo bado ni zima halitikisiki. Kwa feni ya mm 120, matundu ya skrubu hukaa mm 105 kutoka kitovu hadi kitovu. Kwa ya mm 140, ni mm 124.5. Gonga alama kwa panchi (chuma chenye ncha kali) ili biti isiteleze, anza na mm 3, panua hadi 4.5, ndipo ukate duara kubwa la katikati. Kwa dirisha, toboa tundu la mm 10 kila kona, ingiza msumeno wa umeme wenye meno laini ya chuma, na ubane ubao chini ya bati. Kata mm 1 ndani ya mstari, milimeta hiyo imalizwe kwa tupa. Acha angalau mm 20 kutoka ukingo wa paneli, la sivyo italegea na kulia kila feni inapozunguka. Miwani ya kinga ivaliwe tangu tundu la kwanza.

Hatua inayorukwa kuliko zote ni jaribio la pili. Osha chenga zote, kausha, funga kasha kwa zile skrubu za M3 na uweke vifaa tena. Kama tundu limepinda, tupa inalirekebisha kwa dakika tano. Baada ya rangi, marekebisho hayo hayo yanamaanisha kupaka paneli nzima upya.

Rangi ya kiwandani si lazima uitoe yote. Kuiondolea mng'ao kwa msasa namba 320 au 400 kunatosha. Palipobaki chuma kitupu papewe praima (rangi ya msingi) siku hiyo hiyo, kabla ya kutu. Funika nyuzi za skrubu na sehemu ambazo ubaomama na pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme) hugusana na chuma, maana hapo ndipo kasha linapounganishwa na ardhi ya umeme. Praima tabaka mbili, rangi tatu au nne, zote nyembamba, kwa kufuata muda ulioandikwa kwenye kopo. Tabaka nene hutiririka. Kwenye kingo zinazoteleza ndani ya mfereji punguza, kwa kuwa rangi ina unene na paneli itakwama.

Rangi huonekana kavu baada ya saa chache, ila kuwa ngumu yaweza kuchukua wiki. Wiki hiyo usiipoteze. Kata akriliki, matundu ya skrubu za M3 yawe ya mm 4, kwa sababu akriliki hutanuka kwa joto na skrubu iliyobana huipasua. Karatasi yake ya kinga iache, na usiisafishe kwa spiriti. Jaribu taa zikiwa mezani: zile zenye plagi ya pini nne ni za volti 12, zenye pini tatu ni za volti 5, na ukiipa ya volti 5 umeme wa 12 inaungua.

Rangi ikiwa ngumu, piga ribiti, weka dirisha, bandika taa, pitisha nyaya, kisha feni. Kabla ya ubaomama kuingia, pitisha sumaku kwenye kila kona na mkunjo. Kwenye kasha la alumini sumaku haisaidii, tumia utepe wa gundi. Chenga moja chini ya ubaomama inatosha kusababisha shoti. Washa kompyuta paneli zikiwa wazi, sikiliza kama kuna feni inayogusa waya, ndipo ufunge.