Barua za rooti zinarundikana kwenye seva? Zilete kwa imeli yako

Jamaa, ukiloga kwenye FreeBSD (mfumo endeshi wa seva) ukaona "You have mail" usipite tu kama nilivyokuwa napita mimi. Kuna ofisi moja hapa Kampala nilikuwa nawaangalilia seva, asubuhi moja databesi ikagoma watu wakiwa wamejaa foleni, kuja kufungua barua za rooti (root, akaunti kuu ya seva) nakuta ripoti ya kila siku imeandika /var, sehemu ya diski inayokaa data na logi, imejaa 91%, kesho yake 93, halafu 96, mpaka 100, yaani seva imelia wiki nzima na hakuna wa kuisikia. Nilijionea aibu bana.

Hatua ya 1: angalia mzigo uliopo, piga `ls -lh /var/mail/root`. Ukishtuka, endelea.

Hatua ya 2: fungua `/etc/mail/aliases`, utakuta mstari `# root: me@my.domain`, toa hiyo alama ya # mbele halafu weka anwani yako. Weka mbili kabisa, tenganisha na koma, maana siku ukienda kijijini nani atasoma? Sevu, kisha piga `newaliases`. Hapa ndo wengi wanaanguka, kama una Sendmail au Postfix (programu za kutuma barua) bila hiyo komandi hakuna kitabadilika. Kuanzia FreeBSD 14 inakuja na dma, programu ndogo ya kutuma barua, yenyewe inasoma faili moja kwa moja, lakini ukiipiga haina shida. Kwenye Debian na Ubuntu faili ni `/etc/aliases`.

Hatua ya 3: jaribu.

`echo habari | mail -s jaribio root`

Haijaingia? Cheki spamu kwanza, halafu `tail /var/log/maillog`. Mara nyingi tatizo ni poti 25, mlango ambao seva zinatumiana barua, mitandao mingi inaifunga, na hata ikipita Gmail haiamini barua inayotoka kwa modemu ya ofisini. Dawa yake ni kupitisha barua kwa seva ya imeli ambayo una akaunti nayo. Kwa dma andika hivi kwenye `/etc/dma/dma.conf`:

```
SMARTHOST smtp.example.com
PORT 587
AUTHPATH /etc/dma/auth.conf
SECURETRANSFER
STARTTLS
```

Na ndani ya `auth.conf` mstari mmoja tu, `jina|smtp.example.com:paswadi`, hilo faili liwe la root na grupu mail, `chmod 640`, paswadi isibaki wazi kwa kila mtu.

Hatua ya 4: punguza kelele, maana imeli ikizidi utaanza kuifuta bila kusoma halafu tumerudi palepale. Hizo ripoti zinatengenezwa na periodic, mimi kwenye faili lake la mipangilio `/etc/periodic.conf` naweka:

```
daily_show_success="NO"
weekly_output="/var/log/weekly.log"
monthly_output="/var/log/monthly.log"
```

Ukiweka njia inayoanza na / ripoti inaenda kwa faili, ukiweka anwani inaenda kwa imeli. Ya kila siku naiacha ije kwangu. Inaanza 03:01 kwa saa ya seva, sasa kama seva iko UTC kwetu hapa ni saa 12 asubuhi, inanikuta nikingoja chai, macho yangu yanaenda kwanza kwa ile sehemu ya diski.

Kazi zako mwenyewe za cron (zinazojiendesha kwa ratiba) haziko kwenye periodic, hizo weka `MAILTO=` na anwani yako juu ya crontab, faili la hiyo ratiba. Na usingoje usiku, piga `periodic daily` saa hii uone kama inafika.