Kabla mtoto hajajiunga na makadeti wa anga Kanada

Familia nyingi zinazoongea Kiswahili huku Kanada husikia habari za makadeti wa anga (Air Cadets), mpango wa vijana wa mambo ya ndege, kutoka kwa mtoto mwenyewe. Amerudi kutoka shuleni, rafiki yake kamwambia kuna mahali vijana wanarushwa kwa ndege bure, na anataka jibu leo leo. Usimjibu leo. Mpango wenyewe ni mzuri, na sijui vitu vingi vya aina hiyo ambavyo kijana wa hapa anapewa bila ada. Lakini anayejiandikisha ni mtoto, na kazi inaangukia nyumba nzima.

Mazungumzo ya kwanza ni ya sare, na yafanyike hata kama hakuna aliyeuliza. Mama aliyekimbia Kivu au Burundi hahitaji kuelezwa maana ya mtoto wa miaka 12 kuvaa magwanda. Bibi akimwona mjukuu sebuleni na buti na kofia, asiwe ndiyo kwanza anapata habari. Basi aelezwe mapema: kadeti si mwanajeshi. Hajasaini mkataba wowote, anaweza kuacha wiki yoyote, na akifikisha miaka 19 anatoka, hadaiwi kwenda jeshini. Maafisa wanaowafundisha ni askari wa akiba ambao kazi yao ni vijana.

Lakini msimfiche bibi upande wa pili. Mpango wa makadeti wa anga ulianza mwaka 1941, vita vikiwa vimepamba moto, kwa ajili ya kuandaa wavulana kwa jeshi la anga. Wasichana waliruhusiwa rasmi mwaka 1975. Hadi leo unaendeshwa na Wizara ya Ulinzi pamoja na shirika la kiraia liitwalo Air Cadet League of Canada, na kati ya malengo yake, baada ya uraia mwema, uongozi na afya ya mwili, limo pia la kuwafanya vijana wavutiwe na habari za majeshi ya Kanada. Kuna kulenga shabaha kwa bunduki ya upepo, kama mchezo. Mzazi ambaye hilo linamgusa pabaya aongee na afisa kabla, si siku mtoto amekwishapangwa kwenye mstari. Kuna familia zitakazosikia haya zikasema hapana, na sioni cha kuzilaumu.

Wakikubali wote, tafuteni karatasi. Umri ni kuanzia miaka 12 hadi 18, na mtoto awe mkaazi halali. Uraia si sharti. Wataomba kitambulisho chenye tarehe ya kuzaliwa, kadi ya afya ya mkoa na maelezo ya magonjwa au dawa anazotumia. Hapo kwenye tarehe wengi wetu tunapajua. Watoto waliopita kambi za wakimbizi huandikiwa Januari mosi, na kuna aliyetimiza miaka 13 huku karatasi zikisema 11. Watakaohesabu umri wake wataitazama karatasi. Kama mna mpango wa kurekebisha tarehe, anzeni sasa, kwa sababu itarudi kuwauma baadaye kwenye nafasi za urubani.

Kuhusu muda: ni jioni moja kila wiki, Septemba mpaka Juni, na Jumamosi kadhaa juu yake. Jioni hiyo ya Januari kuna giza, theluji, na basi la mwisho halimsubiri mtu. Kama baba yuko zamu ya usiku na mama anatoka kazini saa tatu, panga usafiri na familia nyingine ya kikosi hicho hicho, yaani kundi la makadeti analokwenda mtoto, tangu mwanzo. Mtoto akikosa bila taarifa, anaonekana mzembe. Anatakiwa apige simu au aandike ujumbe yeye mwenyewe kwa kadeti aliye juu yake. Mzazi usimpigie. Hiyo ni sehemu ya mafunzo.

Sare hutolewa bure, nayo ni mali ya mpango, kwa hiyo itarudishwa. Kuitunza ni juu ya mtoto. Suruali inanyooshwa kwa pasi mpaka ule mstari wa mbele usimame wenyewe, na ukikosea ukaweka mistari miwili, mkaguzi ataiona yote. Weka kitambaa chenye unyevu kati ya pasi na suruali, la sivyo itang'aa. Buti zinapigwa kiwi, lakini si ile ya haraka haraka ya asubuhi ya shule. Unafunga kitambaa laini kwenye kidole, unachovya kiwi kidogo sana, unazungusha taratibu puani mwa buti, unadondosha tone la maji, unazungusha tena. Ni saa nzima, na wiki ijayo unarudia. Mnunulie pasi nzuri kama hamna, kisha mwacheni. Dada anayemnyooshea kaka yake kila wiki anamharibu. Wasichana wanaovaa hijabu wanaruhusiwa, semeni tu mapema ili waelezwe rangi na namna ya kuivaa.

Sasa ndege, maana ndizo zilizomleta. Kurushwa kupo kweli, mara nyingi kwa glaida, ndege isiyo na injini ambayo huvutwa angani na ndege nyingine kisha ikaachiwa. Kadeti hukaa na rubani. Ila hali ya hewa ndiyo bosi: upepo ukigeuka, siku nzima inaahirishwa, na watoto wanarudi na sandwichi zao. Mwambieni mapema kwamba jioni nyingi ni gwaride, madarasa na kusimama wima. Leseni ya glaida inawezekana kuanzia miaka 16, ya ndege ya injini 17, zote kwa ufadhili unaogombaniwa kwa mtihani, usaili na mahudhurio. Hesabu na fizikia za darasa la tisa ndizo zitakazompeleka huko kuliko buti zinazong'aa.

Bure haina maana kwamba hamtatoa kitu. Kila kikosi kina kamati ya wazazi, na watoto husimama milangoni mwa maduka kuchangisha. Wazazi wetu wengi hukwepa kamati kwa sababu ya Kiingereza au Kifaransa. Nendeni hata hivyo, mkapange viti na kupika chai. Mtawajua watu wazima wanaokaa na mtoto wenu, ambao wote hupitia uchunguzi wa polisi, na mtajua nani wa kumpigia simu kukiwa na tatizo.

Kwenye safari za kulala nje, fomu ina sehemu ya chakula. Andikeni halali, au mzio wa karanga, msitegemee kwamba mtoto atasema mwenyewe mbele ya wenzake. Na kambi za kiangazi, ambazo nazo ni bure, huombwa miezi mingi kabla, katikati ya baridi. Kama mna mpango wa kwenda nyumbani Nairobi au Bujumbura mwezi wa saba, kaeni na kalenda kabla hajajaza fomu.