Dakika tano za "Siku Kama ya Leo" redioni: ninavyoziandaa

Kila Jumamosi saa tatu usiku nina dakika tano ndani ya kipindi chetu cha zilipendwa, nazitumia kusimulia tukio moja la historia ya muziki. Toa jingo, ile sauti ya kutambulisha kipindi, toa kipande cha wimbo, unabaki na dakika tatu za maneno, karibu ukurasa mmoja wa daftari. Vijana wanaokuja kujifunza studio huniuliza habari nazipata wapi. Habari zimejaa tele, shughuli iko kwenye kuzichuja.

Anza na tarehe, wala usiiamini haraka. Mwaka wangu wa kwanza nilitamka hewani kwamba Michael Jackson alionyesha moonwalk, ule mtindo wa kuteleza kinyumenyume, tarehe 16 Mei 1983. Wimbo haujafika katikati, simu ya studio ikalia. "Shikamoo mzee," nikasema, maana sauti ilikuwa ya mtu mzima. "Marahaba mwanangu. Hiyo ni siku iliyoonyeshwa kwenye televisheni. Ukumbini ilikuwa Machi." Nikaenda kutafuta, nikakuta mzee yuko sahihi. Onyesho la miaka 25 ya Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, lilirekodiwa Pasadena, California, tarehe 25 Machi 1983, televisheni ya NBC wakalirusha 16 Mei. Tangu hapo juu ya karatasi naandika tarehe mbili: ya tukio lenyewe, na ya watu kuliona. Kwa sahani za santuri zinakuwa hata tatu, ya kurekodi, ya kutoka na ya kushika namba moja. Chagua moja, kisha mwambie msikilizaji ni ipi.

Halafu chunga maneno "kwa mara ya kwanza". Ule mtelezo wa kinyumenyume ulikuwepo kabla. Jeffrey Daniel wa kundi la Shalamar aliucheza kwenye televisheni ya Uingereza mwaka 1982. Kwa hiyo nasema Michael aliucheza usiku ule, basi. Idadi ya watazamaji nayo ukiikuta inabadilika kila unapoisoma, iache.

Saa igeuze iwe ya kwetu. Watu wengi hawafanyi hivi, na ndipo utamu ulipo. Chukua Live Aid, tamasha la kuchangia wenye njaa Ethiopia, 13 Julai 1985: kundi la Queen walipanda jukwaani uwanja wa Wembley saa 12:41 jioni ya London. Kiangazi wenzetu wako nyuma yetu kwa saa mbili, majira ya baridi saa tatu, kwa hiyo huku ilikuwa saa 2:41 usiku. Ukisema hivyo, msikilizaji anaiona nyumba yao ya mwaka ule: taarifa ya habari ya saa mbili imeshasikilizwa, sahani zinaoshwa uani.

Hapo utashikwa na tamaa ya kumaliza dakika zote tatu ukiwa Unguja, kwa kuwa Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, akiitwa Farrokh Bulsara. Mpe sentensi moja, rudi Wembley. Walikaa jukwaani dakika kama 21 tu. Juu ya piano yake palipangwa vikombe vya Pepsi, na maikrofoni aliishika na nusu ya mti wake, kama mtu aliyechomoa mpini wa jembe. Wengi hukimbilia yale makofi ya uwanja mzima kwenye "Radio Ga Ga". Redioni hayo ni picha, hayana faida kubwa. Chukua pale ala ziliponyamaza, yeye akaita kwa sauti tupu, na uwanja wa watu kama 72,000 ukamwitikia. Sekunde ishirini za hapo zinakutosha.

Hadithi tamu mno ichunguze. Mpiga gitaa Jimi Hendrix na wimbo wa taifa wa Marekani kule kwenye tamasha la Woodstock, 1969, husimuliwa kama jambo la usiku mbele ya watu 400,000. Alipanda jukwaani Jumatatu asubuhi, 18 Agosti, wengi wao wameshaondoka, kiwanja kimebaki matope na takataka. Mimi naona hii ya kweli ndiyo tamu zaidi.

Mwisho ni mdomo na wimbo. Soma umesimama, kwa sauti, saa ya simu mbele yako. Jua wimbo unaanza kuimbwa sekunde ya ngapi. "Billie Jean" ina karibu nusu dakika kabla ya sauti: ngoma peke yake, besi inaingia ikitembea, kisha kinanda. Quincy Jones, mtayarishaji wa wimbo, aliona utangulizi huo mrefu mno akataka ukatwe, Michael akakataa. Sisi watangazaji tunamshukuru. Sentensi ya mwisho naianza ngoma zikilia, naimaliza kwenye kinanda, nanyamaza. Kumkatiza mwimbaji ni kama kuongea mtu anapokula kiapo.

Karatasi usitupe. Zangu ziko kwenye faili kwa mpangilio wa miezi, maana mwakani tarehe itarudi. Ile ya Michael niliihamisha kutoka Mei nikaiweka Machi, na pembeni kwa wino mwekundu nimeandika: "Ukumbini. Mzee atapiga."